Gorila Steringi, Mamba Adui: Wapinzani katika Filamu za Madubwana

Filamu ya madubwana haifiki mbali na dubwana mmoja. Kiumbe kikubwa kikiachwa peke yake kitabomoa nyumba, kitakanyaga magari, kitakimbiza watu barabarani, na baada ya nusu saa mtazamaji ameshaona yote aliyokuja kuona. Ndiyo maana tangu filamu hizi zianze, watengenezaji wake humtafutia dubwana wao mpinzani wa kimo chake. Mpinzani akishaingia, watazamaji hugawanyika pande mbili, na kila mmoja hutaka kujua steringi ni nani na adui ni nani. Jibu halitegemei ukubwa wa kiumbe wala idadi ya watu aliowaua. Hutegemea namna alivyoundwa: uso wake, macho yake, mwendo wake, na sababu aliyopewa ya kupigana.

Katika filamu za Marekani nafasi hizo mbili zimekuwa zikigawiwa wanyama walewale kwa zaidi ya miaka 90. Nyani mkubwa, hasa gorila, ndiye hupewa moyo. Mnyama wa magamba, awe dinosauri, joka au mamba, ndiye hupewa ubaya. Mkaaji wa Katogota, kijiji cha bonde la Ruzizi katika teritware ya Uvira, kando ya barabara iendayo Bukavu, amezungukwa na wote wawili. Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, una mamba na viboko. Ng'ambo ya Bukavu, kwenye milima ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, wanaishi gorila wa aina ya Grauer, ambao hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote ila Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mamba mmoja wa Ruzizi alifika hata Hollywood, akatengenezewa filamu yake, na huko pia akapewa kazi ya adui.

Mgawanyo huu una mwanzo unaojulikana, nao ni King Kong ya mwaka 1933. Merian C. Cooper, mmoja wa waongozaji wake wawili, alikuwa amesoma utotoni kitabu cha Paul Du Chaillu, msafiri wa karne ya 19 aliyewaeleza gorila wa Gabon kana kwamba ni mashetani wa msituni. Baadaye rafiki yake, Douglas Burden, alisafiri mwaka 1926 hadi kisiwa cha Komodo, Indonesia, akarudi New York na mijusi wakubwa wawili walio hai. Cooper akaviunganisha viwili hivyo kichwani. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukamata gorila Afrika, kumsafirisha hadi Komodo na kumpiganisha na mijusi hao mbele ya kamera. Gharama zilimshinda, na ni heri kwa gorila huyo. Lakini inafaa kukumbuka kwamba pambano la nyani na mtambaazi lilikuwepo kabla hata Kong hajapata jina.

Pambano lenyewe lilikuja kufanywa mezani, kwa vikaragosi. Willis O'Brien na mafundi wake waliunda Kong wa takriban sentimita 45, mifupa ya chuma ndani na ngozi ya sungura juu, wakawa wanamsogeza kidogo, wanapiga picha, wanamsogeza tena. Kila sekunde moja ya filamu ilihitaji picha 24. Katika sehemu inayokumbukwa zaidi, Kong anakutana na dinosauri mla nyama mbele ya mwanamke aliyewekwa juu ya mti. Dinosauri anakuja moja kwa moja, mdomo wazi. Kong anapigana kama mtu: anapiga ngumi, anapiga mweleka, anarukia mgongoni, mwishoni anakamata taya mbili kwa mikono na kuzitenganisha hadi zinavunjika. Kisha linafuata jambo dogo ambalo halikuwa la lazima hata kidogo. Kong anainama juu ya mzoga, anaushika utaya uliovunjika na kuuchezesha, unafunguka na kufungika, kama mtoto anayekagua kitu kilichoharibika. Hapo ndipo anapopigapiga kifua.

Katika sekunde hizo chache upande wa steringi ulikwisha kuamuliwa. Dinosauri hana chochote baada ya kifo. Ni njaa yenye miguu. Kong ana udadisi, ana majivuno, na ana mtu wa kumlinda. Watazamaji waliomwona akiua mabaharia muda mfupi tu nyuma sasa wako upande wake, na ndege zinapomshambulia juu ya jengo la Empire State, wengi humsikitikia. Tangu hapo kanuni ya kumgeuza mwuaji kuwa shujaa imebaki ileile: mletee mbaya kuliko yeye.

Wajapani walianzia mahali pengine. Godzilla ya Ishirō Honda, iliyotolewa Novemba 1954, haikuwa na mpinzani wa kimo chake kabisa. Mwezi Machi mwaka huo mashua ya wavuvi ya Daigo Fukuryū Maru ilikuwa imeangukiwa na majivu yenye sumu ya bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililijaribu huko Bikini. Godzilla aliyeamshwa na mabomu hayo alikuwa ni msiba, na msiba hauhitaji mshindani. Lakini filamu ilipata watazamaji wengi mno, na ndani ya miezi michache kampuni ya Toho ikatoa ya pili, ambamo Godzilla anapigana na Anguirus, kiumbe wa miguu minne mwenye miiba mgongoni, katikati ya jiji la Osaka. Ndipo msiba ulipogeuka mashindano.

Kwa kuwa Godzilla mwenyewe ni wa magamba, Toho haikuweza kutumia magamba kuwa alama ya ubaya. Ilibidi wabuni tofauti nyingine, na hapa ubunifu wao unawazidi Wamarekani kwa mbali. Mothra ni nondo mkubwa anayelinda mayai yake na watu wa kisiwa chake; hapigani mpaka achokozwe. Hedorah wa mwaka 1971 ni rundo la uchafu wa viwanda lililopata uhai. Mechagodzilla wa 1974 ni chuma kilichovaa sura ya Godzilla. King Ghidorah, aliyeingia mwaka 1964, ana vichwa vitatu, mabawa na mikia miwili, rangi ya dhahabu mwili mzima, lakini hana mikono. Anakuja kutoka angani, hana kwao duniani, na vichwa vyake havitulii kumtazama mtu yeyote machoni. Katika filamu hiyo ya 1964 Mothra anawasihi Godzilla na dubwana mwingine, Rodan, waungane naye kuikoa dunia. Wawili hao wanakataa, na sababu yao inatafsiriwa kwa wanadamu wanaosikiliza pembeni: binadamu siku zote wamewatendea vibaya, kwa nini wawasaidie? Mothra anakwenda kupigana peke yake, anapigwa vibaya, ndipo wanaona aibu na kuingia. Kwa onyesho la watu waliovaa mavazi mazito ya mpira, yaliyokuwa yakiwatoa jasho hadi wengine kuzimia, ni mazungumzo yenye utu wa ajabu.

Mwaka 1962 Toho ilikuwa imeshawakutanisha Kong na Godzilla wenyewe. Kampuni ya dawa inamleta Kong Japani ili kuinua kipindi chake cha televisheni, na madubwana wawili wanapigana hadi wote wanatumbukia baharini. Anayeonekana akiibuka na kuogelea kurudi kwao ni Kong. Kwa miaka mingi Marekani ilienezwa habari kwamba Japani kuna mwisho tofauti ambamo Godzilla anashinda. Hakuna. Walipokutanishwa upya mwaka 2021, watengenezaji walikimbilia dawa ya zamani: baada ya ngumi nyingi analetwa Mechagodzilla, mashine iliyoundwa na wanadamu, na mahasimu wanashirikiana kumvunja. Kong: Skull Island ya 2017 haikujisumbua kiasi hicho. Maadui wake ni watambaazi wa miguu miwili ya mbele tu, uso mweupe kama fuvu, wanaojikokota ardhini kama nyoka. Hawaachi nafasi ya kumsikitikia yeyote wao.

Gorila, kwa upande wake, hakuzaliwa steringi. Mwaka 1930 ilizungushwa Marekani filamu iliyoitwa Ingagi, iliyodai kuwa ni picha halisi za msafara wa Kongo ya Wabelgiji, ambamo wanawake hutolewa kwa gorila. Ilikuwa uongo mtupu: gorila alikuwa mtu ndani ya vazi, na waliotajwa kuwa Waafrika walipigwa picha Marekani. Serikali ya huko ilikuja kuwalazimisha wenye filamu waache kudai ni ya kweli, ila pesa zilikuwa zimeshaingia. Kongo kama shamba la madubwana ilianzia humo, na haijakauka. Jambo la kushangaza ni kwamba wakati huohuo mtu aliyewajua gorila wa Kongo kwa macho alikuwa ameshasema kinyume. Carl Akeley, fundi wa jumba la makumbusho la New York, aliwaua gorila kadhaa katika milima ya Virunga mwaka 1921 kwa ajili ya maonyesho, akaumia moyo, na akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuwatengea hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1925. Akeley alifia hukohuko mwaka uliofuata na kuzikwa karibu na Mlima Mikeno.

Filamu ya Congo ya mwaka 1995, iliyotokana na riwaya ya Michael Crichton, iliwatumia gorila pande zote mbili. Upande mmoja yuko Amy, gorila aliyefundishwa lugha ya ishara, ambaye kifaa cha mkononi humpa sauti ya msichana. Upande wa pili wapo gorila wa kijivu wanaolinda almasi katika magofu ya mji wa Zinj, huko Virunga, na kuua kila anayesogea. Wote ni mafundi waliovaa mavazi ya manyoya kutoka karakana moja. Kinachowatenganisha ni sauti: anayesema ni rafiki, asiyesema ni mwuaji. Volkano inalipuka mwishoni na kuwazika wabaya. Wakaaji wa Goma, wanaoijua lava ya Nyiragongo kwa miguu yao, wanaweza kuwa na maoni yao juu ya jinsi mlima unavyochagua wa kumwua.

Gorila wa Kahuzi-Biega hafanani na Kong wala na wale wa Zinj. Dume mkubwa aweza kufikia kilo 200, na kundi lake lina majike na watoto. Hula majani, machipukizi ya mianzi, mashina, matunda, na sisimizi wakipatikana. Kupiga kifua, ambako filamu hukufanya wito wa vita, kwa kawaida ni njia ya kuepuka vita: mlio husafiri msituni na kumjulisha dume mwingine ukubwa wa anayepiga, ili mdogo ajiondoe mapema. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980. Tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Vita na majangili vimewapunguza gorila wake sana. Filamu za miaka ya karibuni zimelijua hilo na kulitumia. Katika Rampage ya 2018, gorila mweupe George ni yatima aliyeokolewa mikononi mwa majangili, na historia hiyo peke yake inatosha kumsamehe kila jengo analobomoa. Mpinzani wake wa mwisho mjini Chicago ni nani? Mamba, aliyekua hadi kuwa mkubwa kuliko wote. Mamba huyo hakupewa uyatima wala rafiki. Hapewi hata dakika moja ya kutazamana na mtu bila kutaka kumla.

Mamba wa Ruzizi alipata filamu yake Januari 2007. Chanzo chake ni Gustave, jina ambalo Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kufuatilia watambaazi wa huko, alimpa mamba mkubwa wa mto huo na wa ufuo wa kaskazini wa Tanganyika. Urefu wake ulikadiriwa kupita mita 6, na uzito kukaribia kilo 900, ingawa hakuna aliyewahi kumpima. Alitambulika kwa makovu ya risasi mwilini na alama nyeusi juu ya kichwa. Walioliwa naye walisemwa kufika 300, hesabu isiyo na ushahidi, kwa sababu mtu akinyakuliwa majini hakuna awezaye kuapa alikuwa mamba gani. Kwanza ilisemekana ana miaka 100. Baadaye, meno yake yalipoonekana kuwa bado kamili, umri ukashushwa hadi karibu 60.

Filamu ya kumbukumbu iliyorushwa mwaka 2004 inaonyesha jitihada za Faye na wenzake za kumkamata. Walijenga kizimba cha chuma chenye urefu wa mita 9 na zaidi, wakakiweka majini na kutia chambo. Mamba wadogo walikuja, Gustave akawa anapita pembeni. Chambo cha mwisho kilikuwa mbuzi hai. Usiku huo ilipiga dhoruba, kamera ikazimika, na asubuhi kizimba kilikutwa kimezama nusu, mbuzi hayupo. Msimulizi yeyote angesema mamba amewacheka. Maelezo mengine, yaliyo rahisi zaidi, ni kwamba mto ulifurika.

Hollywood ilichukua lile la kwanza. Filamu ilipewa jina Primeval, ikaongozwa na Michael Katleman na kupigwa picha Afrika Kusini. Matangazo yake hayakumtaja mamba hata kidogo. Yalitangaza mwuaji mkubwa kuliko wote katika historia, na walioingia ukumbini wakitarajia kisa cha polisi walikuta taya. Hadithi inadai kwamba Gustave alizoea nyama ya binadamu kwa kula maiti zilizotupwa mtoni wakati wa vita, na mbabe wa kivita katika filamu anajiita Gustave Mdogo, ili mtazamaji aone madubwana wawili wanaolingana. Wazo hilo lina uzito, na filamu bora ingelichimba. Hii iliona haya kukaa nalo, ikarudi haraka kwenye kukimbizana. Watu wa mabonde ya Ruzizi, pande zote mbili za mpaka, wanapita nyuma ya skrini wakiwa maiti au wauaji, basi.

Mamba halisi ana tabia ambazo zingemfaa mtunzi hodari. Hatafuni, anashika, anajizungusha majini na kumeza vipande. Anaweza kukaa muda mrefu bila kula, na kinachoonekana kuwa hila mara nyingi ni mazoea: huvizia palepale watu wanapochota maji, wanapofua au kuvuka, kwa sababu hao nao huja palepale, saa zilezile. Jike hulinda mayai yake yaliyofukiwa mchangani, na yakianguliwa huwabeba watoto kinywani, taya zilezile, hadi majini. Filamu za mamba karibu zote zimeliacha hilo, wakati Mothra alipata heshima yake yote kwa sababu ya mayai.

Kumpa mnyama nia ya mtu hakukuanza na kamera. Pwani na maziwani bado wako watu wanaosema mamba fulani ni wa kutumwa, kwamba nyuma yake kuna mchawi aliyemlenga fulani. Matangazo ya Primeval yalifuata njia hiyohiyo bila kujua. Simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli ya Kenya mwaka 1898, walipata filamu ya 1952 na nyingine ya 1996, The Ghost and the Darkness, ambamo wanaua kama watu wenye kisasi. Walikuwa madume wasio na manyoya shingoni, kama walivyo simba wengi wa huko; filamu ya 1996 iliwavika manyoya mengi, kwa kuwa adui asiye na taji hapendezi. John Patterson, aliyewaua, alikuja kudai walikula watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya yao, yanayohifadhiwa Chicago, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kama 35.

Na hadithi ya kale ya Kiswahili ilikuwa na dubwana wake na ngazi ya wapinzani kabla ya sinema kuwapo. Nunda mla watu, katika ngano ya Sultani Majinuni iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, anaanza kama paka wa nyumbani. Anakula mifugo, na sultani anakataa kumwua kwa kuwa paka ni wake na mali aliyokula ni yake. Anapoanza kula watu, wana wa sultani wakiwemo, ndipo mwana wa mwisho anapotoka kumwinda. Anaua mbwa, anaua twiga, kifaru, tembo, kila mara akidhani ndiye, kila mara mama yake akimwambia siye. Mnyama anaongezeka ukubwa hatua kwa hatua mpaka nunda mwenyewe anapofikiwa. Mpangilio huo ndio uleule wa filamu za leo, ila ngano inaongeza kitu ambacho filamu nyingi hazina: aliyemlea dubwana anatajwa, na ni mwenye nchi.

Katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki, sura ya mpinzani hubadilishwa mara ya pili na msimulizi. Lufufu wa Dar es Salaam alijulikana kwa kutafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake juu ya picha. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina mavijei wake, VJ Jingo akiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi. Msimulizi hafuati maneno ya filamu neno kwa neno. Humpa dubwana jina la mtaani, humtungia sababu ya hasira, humkosoa steringi akichelewa, na akitaka anaweza kumfanya mtambaazi awe ndiye aliyedhulumiwa. Dubwana asiye na lugha humfaa msimulizi kuliko mwigizaji yeyote, maana hana mdomo wa kumkanusha.

Mnyama mmoja wa Ruzizi ni nadra kupewa kazi ya adui. Kiboko hutajwa miongoni mwa wanyama wanaoua watu wengi Afrika. Usiku hutoka majini kula, huharibu mashamba ya mpunga na mahindi, na Uvira ameshaonekana akitembea katikati ya nyumba. Ana uzito mkubwa kuliko Gustave wa hadithi, ana meno marefu kuliko ya mamba yeyote, na hukimbia nchi kavu kwa kasi ya kumfikia mtu. Hollywood imemwona, ikampa kazi ya kuchekesha: katika Fantasia ya 1940 anacheza dansi na mamba wa Marekani anayemchumbia, na katika Madagascar ya 2005 ni mama mkubwa mwenye busara. Mviringo wa mwili wake unamkinga na uadui, na pia chakula chake. Mla nyama anaweza kupewa njaa, na njaa ikageuzwa kisasi. Mla nyasi anayeua kwa sababu amekutwa njiani kati ya majani na maji hana nia ambayo mtunzi wa filamu angeweza kuikuza, hata kama familia za kando ya mto zinamwogopa kuliko mamba.